Somo kwa Makatibu wa Vyama: Kuyakinga Mabomba ya Oili na Joto la Ekzosi

Injini ya lori la chama inapochakaa, mara nyingi hununuliwa injini ya aina nyingine, na fundi hupewa kazi ya kuiweka katika chasisi ileile. Jambo hilo huokoa fedha za wanachama. Lakini huweza kuleta hatari isiyoonekana siku gari linapokabidhiwa, nayo ni bomba la oili kupita karibu mno na ekzosi. Somo hili lakusudia kumwezesha katibu, hata kama si fundi, kuikagua kazi hiyo kabla ya kuidhinisha malipo.

Chanzo cha hatari

Wanachama wa Kibaha na Kisarawe si wageni wa uundaji wa magari, kwani kituo cha Nyumbu kilianzishwa Kibaha mwaka 1985 kwa kazi hiyo. Mwenye kuunda gari hupanga kwa pamoja njia ya oili, njia ya mafuta na njia ya moshi. Injini iliyotoka katika gari jingine huja bila mpango huo. Fundi hulazimika kuhamisha chujio la oili au kuongeza mpira, na mpira huo hupitishwa palipo na nafasi, pengine kando ya manifoldi ya ekzosi.

Oili ya injini iliyokwisha kupata moto kwa kawaida huwa na joto la nyuzi 90 hadi 110 za Selsiasi. Manifoldi ya injini ya dizeli inayovuta mzigo mzito huweza kupita nyuzi 400. Mpira wa kawaida wa oili hauwezi kustahimili kwa muda mrefu joto linalozidi sana nyuzi 120. Hukauka, huwa mgumu, kisha hupasuka. Oili ikirukia chuma chenye joto kubwa namna hiyo, yaweza kuwaka bila cheche yoyote.

Lori lililopakia mihogo au korosho kutoka Marui au Maneromango, likipanda vilima vya Kisarawe kwa gia ndogo, lafanya kazi kubwa huku likipata upepo mdogo wa kulipoza. Hapo ndipo mpira dhaifu hushindwa. Hata moto usipotokea, oili humwagika, na dereva asipozima injini mara taa ya oili inapowaka, injini nzima huweza kuharibika kwa dakika chache.

Mambo manne ya kutimizwa

Kwanza, bomba lipitishwe mbali na ekzosi kadiri inavyowezekana. Umbali ndiyo kinga iliyo bora na rahisi kuliko zote.

Pili, panapokosekana nafasi, litumike bomba la chuma mahali penye joto. Mpira uwekwe pale tu injini inapocheza dhidi ya chasisi, nao uwe mpira wa oili wenye kustahimili presha. Mpira wa maji haufai kamwe.

Tatu, kati ya ekzosi na bomba iwekwe kinga ya bati, ikiachiwa nafasi ya hewa pande zote mbili. Bati linalong'aa hurudisha joto. Bati lililopakwa rangi nyeusi hulinyonya.

Nne, bomba lifungwe kwa klipu imara, lisisuguane na chuma chochote wala kuning'inia.

Mafundi wa zamani walizoea kuzungushia ekzosi kamba ya asbesto. Vumbi lake husababisha saratani, kwa hiyo lisitumike. Kitambaa cha nyuzi za kioo chaweza kutumika mahali pake, lakini kikilowa oili kibadilishwe mara moja, maana huwaka kama utambi wa koroboi.

Ikiwa injini ina tabo, bomba linalorudisha oili literemke moja kwa moja bila kupanda popote, ili oili isituame. Baada ya safari yenye mzigo, dereva aiache injini ingurume taratibu dakika 2 au 3 kabla ya kuizima, oili isije ikaungua na kuwa masizi ndani ya tabo.

Wajibu wa katibu

Katibu aagize kifuniko cha injini kifunguliwe, naye afuate kwa macho kila bomba la oili tangu mwanzo hadi mwisho. Injini ikiwa baridi, aubonyeze mpira: ukiwa mgumu au una nyufa, ubadilishwe. Ukaguzi huo urudiwe kila juma na kuandikwa katika daftari la gari. Harufu ya oili inayoungua isipuuzwe hata siku moja. Gharama ya bati na klipu ni ndogo sana ikilinganishwa na lori lililolipiwa kwa mazao ya wanachama wote.

Maswali ya kujadiliwa mkutanoni

1. Je, lori la chama limewahi kubadilishwa injini? Nani aliikagua kazi hiyo?
2. Mabomba ya oili yanapita wapi, na yamekingwa kwa kitu gani?
3. Dereva ameelekezwa afanye nini taa ya oili ikiwaka njiani?