SOMO LA WANACHAMA: WAYA WA KUCHAJIA SIMU



Kila msimu wa kuchuma unapokaribia, swali la namna moja hutufikia ofisini: "Simu yangu nimeichomeka usiku kucha, na asubuhi haijajaa. Je, betri imekufa?" Mara nyingi betri haina kosa, kosa ni la waya. Kwa hivyo tumeona yafaa somo letu la safari hii liwe juu ya waya wa USB. Kambini simu si pambo. Ndiyo ya kuulizia mvua kabla ya kuanika, ndiyo ya kuwaitia wachumaji, na mtu akianguka mkarafuuni ndiyo ya kuitia gari. Simu iliyozimika saa hiyo ni hasara isiyolipika.

Kwanza tujue umeme unavyokwenda. Mwanachama na awafikirie wapagazi wanaotoa karafuu shamba kuzipeleka barabarani. Idadi ya wapagazi wanaopita kwa dakika ndiyo ampea. Uzito wa mzigo wa kila mmoja ndio volti. Mzigo wote unaofika ndio wati. Waya ndio njia. Njia ikiwa nyembamba tena ndefu, wapagazi wengi husongamana, na nguvu hupotea kwa joto. Ampea zikizidi mara mbili, joto linalopotea huzidi mara nne.

Kisiwa chetu chenyewe ni ushahidi. Umeme wetu hutoka Bara kwa waya uliozamishwa baharini, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, yapata kilomita 37. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980, na wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, mwaka 2013. Umeme huo husukumwa kwa volti 132,000, yaani wapagazi wachache wenye mizigo mizito, ili usipotee njiani. Na waya ukiharibika, sote twakumbuka: tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa gizani miezi mitatu.

Sasa waya wa simu huanza na volti 5 tu, kwa hivyo hauwezi kuvumilia safari ndefu. Juu ya ganda la baadhi ya waya huandikwa namba ya unene: 28 AWG ni nyembamba, 24 AWG ni nene. Namba ikipungua, unene huzidi. Tufanye hesabu kwa ampea 1, tukihesabu kwenda na kurudi:

Waya mwembamba (28) wa mita 2 hupoteza kama volti 0.85, hufika 4.15.
Waya mwembamba wa mita 1 hupoteza kama volti 0.43, hufika 4.57.
Waya mnene (24) wa mita 2 hupoteza kama volti 0.34, hufika 4.66.

Simu ikiona volti zimeshuka, hupunguza ampea inazovuta. Ndiyo maana inachaji polepole, au haijai kabisa ikiwa huku inatumiwa. Waya wa USB 2.0 wa namna ya zamani haupasi kupita mita 5, na ule wa kupeleka picha na mafaili kwa kasi kubwa huwa mfupi zaidi. Kwa kuchajia, mita 1 yatosha.

Pili, vichwa. Kile kipana cha bapa huingia kwenye chaja. Upande wa simu, za zamani zina kichwa kidogo cha Micro-USB. Simu mpya nyingi zina USB-C, kilichotoka mwaka 2014, ambacho huingia upande wowote. Simu za iPhone zilihamia USB-C mwaka 2023. Lakini kichwa kuingia si dalili kwamba waya unafaa. Kuna waya wa nyuzi mbili tu, unaochaji lakini haupitishi mafaili. Na waya wa kawaida wa USB-C hubeba ampea 3; wa ampea 5, kwa kompyuta kubwa, una alama yake ndani.

Tatu, wengi huogopa kwamba chaja kubwa itaunguza simu ndogo. Chaja nzuri haifanyi hivyo. Huanza na volti 5, na haipandishi mpaka simu yenyewe ikubali. Na simu huvuta ampea inazozihitaji tu. La kuogopwa ni chaja mbovu na waya uliochubuka, khasa katika banda la makuti lenye magunia makavu.

Wenye paneli ya jua kambini wasivute waya mrefu wa USB kutoka kwenye paa. Mwendo mrefu na upitiwe na waya mnene wa volti 12 hadi kwenye betri, chaja iwekwe hapo, na waya wa USB uwe mfupi.

Mwisho, jaribio la nyumbani. Chukua waya mbili, simu moja na chaja moja. Chaji kwa nusu saa kwa waya wa kwanza, simu ikiwa haitumiwi, uandike asilimia iliyoongezeka. Siku nyingine anza kwenye asilimia ile ile kwa waya wa pili. Utakaoongeza zaidi ndio wa kwenda nao shamba.

Kabla ya msimu, kila mwanachama apitie Darajani au duka la karibu na kwao, atazame unene, urefu na kichwa kabla hajauliza bei. Rahisi inavunja upishi. Waya ulionunuliwa kwa kuangalia bei peke yake utakuangusha siku mchumaji ameanguka, na siku hiyo hakuna wa kumlaumu.