Ushauri wa Kilimo: Kitafunio cha Mbwa Huanzia Penye Kuanika Mahindi

Mvua zinapokatika mwezi wa Aprili na kiangazi cha Haut-Katanga kikaanza, wakulima wa Kasomeno, penye njia panda ya kwenda Kasenga na Pweto, huingia katika kazi ya kukausha na kuchambua mahindi na karanga, ambapo punje zilizooza, zilizotobolewa na wadudu au zilizoota ukungu hutengwa na zile za chakula. Punje hizo mbovu aghalabu hupikiwa mbwa, kwa dhana kwamba tumbo la mnyama huyo huhimili kila kitu. Dhana hiyo ni potofu, kwa kuwa mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika upesi na sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu waotao juu ya nafaka na karanga zisizokauka vizuri.

Sumukuvu iliyo hatari zaidi ni aflatoksini, ambayo hushambulia ini, haionekani kwa macho, na haiondolewi na moto wa kupikia bukari (ugali). Mwaka 2004, katika wilaya za Makueni na Kitui na maeneo jirani nchini Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliwadhuru watu 317, ambao 125 kati yao walifariki. Na mwaka 2011, katika jimbo la Gauteng nchini Afrika Kusini, zaidi ya mbwa 220 walikufa baada ya kulishwa chakula cha dukani kilichochafuliwa na sumu hiyohiyo. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kitafunio cha mbwa ni kwamba kitengenezwe kwa unga uleule ambao mwenye nyumba angekubali kuula.

Ili kuupata unga huo, mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, wala si juu ya udongo mtupu, hadi unyevu ushuke kufikia asilimia 13 hivi. Mkulima asiye na kipimo anaweza kutia punje pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa kavu na kuitikisa kwa dakika chache: chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi hayajawa tayari kuingia ghalani. Karanga nazo zikauke zikiwa katika maganda yake, kisha zile zilizosinyaa au kubadilika rangi zitupwe.

Kitafunio chenyewe ni rahisi. Vikombe viwili vya unga wa mahindi huchanganywa na kikombe kimoja cha boga au kiazi kitamu kilichopikwa na kupondwa, yai moja, na vijiko viwili vya karanga zilizokaangwa bila chumvi na kusagwa. Maji kidogo huongezwa iwapo kinyunga hakishikani. Kinyunga husukumwa kufikia unene wa nusu sentimita, hukatwa vipande vidogo, na huokwa juu ya mbabula (jiko la makaa) katika sufuria nzito iliyofunikwa na kuwekewa makaa machache juu ya kifuniko, hadi vipande vikauke pande zote. Familia inayotaka kula pamoja na mbwa wake itenge sehemu ya mbwa kabla ya kutia chumvi au sukari katika sehemu yake yenyewe.

Vitunguu maji na vitunguu saumu havifai kabisa, kwa sababu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Zabibu, chokoleti, kahawa na pombe, pamoja na machicha ya pombe, nazo ni hatari. Karanga za kusagwa za dukani zichunguzwe, kwani baadhi hutiwa zailitoli, ambayo ni kitu cha kuleta utamu badala ya sukari na inayoweza kumuua mbwa. Muhogo mchungu usiotolewa sumu kwa kuloweshwa usitumike, na mifupa iliyopikwa isitolewe, kwa kuwa hupasuka kuwa vigae vyenye ncha kali.

Vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku, vitolewe vikiwa vimepoa na katika chombo cha mbwa mwenyewe, na watoto wanawe mikono baada ya kumlisha. Vikikauka kabisa huhifadhiwa katika chombo kikavu chenye kifuniko, na kipande kitakachoota ukungu kitupwe. Mbwa anayekataa chakula, anayetapika, au ambaye ufizi na weupe wa macho yake umegeuka manjano apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kukawia, na chakula alichokuwa akila kisitishwe mara moja.

Punje zilizotengwa kwa ukungu hazipaswi kupewa mbwa, kuku wala nguruwe, na hazipaswi kusagwa kwa ajili ya kinywaji cha munkoyo. Zifukiwe mbali na makazi.