Kabla Hujaigeuza Kuni: Maswali na Majibu Kuhusu Fanicha ya Zamani

Katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, fanicha ya zamani hupotea kwa njia mbili. Nyumba ya wazee hufungwa baada ya matanga na vitu vikagawanywa kwa haraka, au watoto hurudi Desemba na makochi mapya kutoka Nairobi, yale ya kale yakasukumwa nyuma ya nyumba karibu na kuni. Mvua ya Aprili humaliza kazi. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na watu wa Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru, pamoja na majibu ninayowapa.

Tumeachiwa meza ya shosho. Imepakwa rangi ya kijani tabaka juu ya tabaka, na mguu mmoja unacheza. Nitajuaje kama inastahili kutengenezwa?

Ipindue. Juu pamefunikwa na rangi, lakini upande wa chini mafundi wa zamani kwa kawaida hawakuupaka kitu, kwa hiyo mbao yenyewe iko wazi. Chukua kipande kidogo cha msasa, sugua pahali pasipoonekana, kisha unuse. Ukipata harufu kali ya kafuri, hiyo ni muthaiti, mbao ambayo mafundi wengi huiita kamfa. Ikiwa nyekundu ya kahawia na inanukia penseli, ni mtarakwa, ambao zamani uliuzwa ng'ambo kwa ajili ya kutengeneza penseli. Mbao ya kijivu inayoelekea kahawia, yenye nyuzi nene na isiyo na harufu ya kutajika, huenda ikawa muhuru, ambao Wameru huuita muuru na wafanyabiashara huuza kwa jina la Meru oak. Mti huo kwao ni hapa Kenya, kwenye miteremko ya mlima huu. Podo ni ya manjano hafifu na nyuzi zake hazionekani kwa urahisi. Saiprasi utaijua kwa mafundo yake mengi.

Kwa nini nasisitiza jina la mti? Kwa sababu miti mitatu ya kwanza si rahisi kwenda kuinunua kesho. Mwaka 1986 rais wa wakati huo alipiga marufuku ukataji wa miti ya kiasili katika misitu ya serikali. Hata hivyo ukataji wa siri uliendelea. Mwaka 1999 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, liliukagua msitu wa Mlima Kenya kutoka angani, na waliohesabu walikuta zaidi ya miti 6,700 ya kamfa imeangushwa. Mti wa kamfa huchukua miongo mingi kufikia unene wa kutoa ubao wa meza. Meza ya shosho ni sehemu ya msitu uliokwisha kukatwa, na ukiichoma utakuwa umeupoteza mara ya pili. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Tetu, aliomba asizikwe katika jeneza la mbao. Alipofariki mwaka 2011, jeneza lake lilisukwa kwa magugu maji na mafunjo juu ya fremu ya mianzi. Mtu aliyeijali mbao kiasi hicho angetaka tuitunze iliyokwisha kupasuliwa.

Kuhusu mguu unaocheza, furahi. Kama mguu umeungwa kwa ulimi na tundu, bila misumari, mara nyingi kilichochoka ni gundi tu. Ng'oa mguu taratibu, kwangua gundi yote ya zamani hadi uione mbao safi, maana gundi mpya haishiki juu ya gundi kuukuu. Paka gundi nyeupe ya mbao, rudisha mguu, kaza, na usiuguse kwa saa 24. Huna haja ya kununua jiliwa. Kata blada ya tairi la gari iwe mkanda mrefu, uuzungushe ukivuta kwa nguvu. Mafundi wetu wa jua kali hukaza hivyo, na viti vyao vinasimama.

Rangi na vanishi ya zamani naiondoaje? Fundi mmoja alitaka kutumia moto.

Mkatalie. Rangi nyingi za mafuta za miaka iliyopita zilikuwa na risasi, ile metali, na moto huigeuza kuwa moshi unaovutwa na kila aliye nyumbani. Leo kiwango cha Kenya hakiruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni ya rangi, lakini meza ya mwaka 1965 haikupakwa kwa kiwango hicho. Risasi huharibu ubongo wa mtoto, na uharibifu huo haurudi nyuma. Kwa hiyo rangi ya zamani usiisugue ikiwa kavu, maana vumbi lake hubeba risasi. Ilowanishe kwa maji, sugua kwa msasa wa maji, futa tope kwa kitambaa na ukitupe kitambaa hicho. Tabaka likiwa nene, tumia dawa ya kuondoa rangi nje ya nyumba, ukivaa glavu za mpira, watoto na mama mjamzito wakiwa mbali. Magadi makali ya kuoshea mitaro nayaona yakitumika sana, nami siyapendi. Huunguza ngozi, hulegeza viungo na huweza kuifanya mbao iwe nyeusi.

Kama hakuna rangi ila vanishi, pima kwanza. Dondosha tone la spiriti pahali pa kificho. Ikinata ndani ya dakika moja, hiyo ni polishi ya shelaki. Ina uzuri wake: huhitaji kuiondoa. Isafishe, kisha pitisha shelaki mpya iliyoyeyushwa kwa spiriti, nayo itaungana na ya zamani. Spiriti isipofanya kitu, jaribu tone la thina. Ikilainika, ni vanishi ya kupuliza, ile inayotumiwa na mafundi wengi wa barabarani. Zote mbili zikishindwa, ni vanishi ya mafuta au ya plastiki, na hapo ndipo msasa unapohitajika: anza na namba 120, halafu 180, umalizie na 240, kila mara ukifuata nyuzi. Anayekatiza nyuzi huacha mikwaruzo inayojitokeza vanishi ikishakauka.

Nasema tena kuhusu vumbi, maana halichukuliwi kwa uzito. Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Leso iliyofungwa puani haitoshi. Nunua barakoa ya vumbi.

Kabati letu lilitengenezwa Nyeri, tukahamia Nanyuki. Sasa ubao wa mlango umepasuka. Je, fundi alituibia?

Pengine hapana. Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na kila mara hupanuka au kusinyaa katika upana wake. Nyeri, hasa Juni hadi Agosti jua linapofichwa na ukungu, ni mji wenye unyevu. Nanyuki iko upande mkavu wa mlima. Ubao uliogongomewa pande zote hauna nafasi ya kusinyaa, kwa hiyo hupasuka. Tengeneza kwa kuuacha uelee ndani ya mfuo wa fremu bila gundi wala misumari. Na droo inayokwama Julai usiipige randa Julai. Isugue mshumaa kwenye reli zake na usubiri Februari. Ukiipunguza wakati wa baridi, italegea wakati wa kiangazi.

Nimeona matundu madogo kwenye miguu ya kiti. Ni fukusi?

Weka karatasi nyeupe chini ya kiti kwa wiki moja. Unga mpya ukidondoka, wamo. Usipodondoka, matundu ni ya zamani na unaweza kuyaziba kwa nta. Podo hushambuliwa sana, na hata katika miti imara sehemu ya nje ya gogo, ile nyeupe, huliwa. Kama wamo, ingiza dawa ya mbao yenye boroni kwenye matundu kwa sindano, paka kote palipo wazi, rudia baada ya muda. Kiti kilichotiwa dawa kisichomwe jikoni kamwe, hata kikivunjika.

Makochi ya mama yamezama. Nibadilishe kitambaa tu?

Kitambaa ndicho cha mwisho. Vua kilichopo chini uone fremu, kisha mikanda au springi, kisha sponji. Fremu za zamani za mbao ngumu mara nyingi ni bora kuliko za makochi yanayouzwa leo, ambazo hufichwa ndani ya kitambaa kizuri zikiwa za vipande vya saiprasi mbichi. Mikanda ikilegea, badilisha yote, usichague mmoja mmoja. Sponji ya kukalia iwe nzito, kama kilo 28 hadi 32 kwa mita moja ya ujazo; muulize muuzaji, na akikosa kujua nenda duka jingine. Kochi la watu watatu huhitaji takriban mita 10 hadi 12 za kitambaa chenye upana wa mita 1.4, zaidi kikiwa na maua yanayopaswa kulingana. Usimruhusu fundi atupe kitambaa kuukuu kabla hajakitumia kama kielelezo cha kukatia.

Na vile vitambaa vilivyofumwa kwa mkono, ambavyo vijana wanaviona vya kishamba, viweke. Vinaokoa sehemu za kuegemea kichwa na mikono, ambako kochi huchakaa kwanza.

Naishi katika nyumba ya kupanga mjini. Nafanyia wapi kazi hizi, na vifaa naviweka wapi?

Huhitaji chumba. Unahitaji ukuta mmoja, meza moja isiyotikisika na mwanga wa dirisha. Veranda yenye paa inatosha, mradi mvua haiingii kwa ubavu. Meza iwe ya urefu unaofika kwenye kifundo cha mkono wako ukisimama wima mikono ikining'inia. Ikiwa fupi utaumwa mgongo. Chukua nusu ya ubao wa plaiwudi, uupigilie ukutani, pigilia misumari, ning'iniza msumeno, nyundo, patasi na randa, kisha chora umbo la kila kifaa kwa kalamu. Jioni ukiona umbo tupu utajua nini kimebaki kwa jirani. Skrubu na bawaba zikae katika makopo ya Kimbo yenye mifuniko, na kila kopo libandikwe kielelezo chake kwa nje. Mbao za akiba zilazwe juu ya vijiti, zisiguse sakafu, hewa ipite katikati.

Anayeshona au kufuma asichanganye kazi hizo na za mbao katika saa moja. Sufu mbichi ina mafuta, na vumbi la mbao likishaingia halitoki. Wanawake wa Nanyuki Spinners and Weavers, ambao wamekuwa wakisokota sufu tangu miaka ya 1970, kazi yao inategemea nyuzi safi. Nyumbani, suluhisho ni kuwa na sanduku lenye mfuniko kwa vitambaa na sufu, na kufagia kabla ya kulifungua.

Sasa mambo mawili ambayo sitaki uyapuuze. Thina, spiriti na mafuta ya taa visihifadhiwe kwenye chupa za soda hata kwa usiku mmoja, watoto huvinywa. Na matambara yaliyolowa mafuta ya kitani, yakikunjwa na kutupwa pembeni, hupata joto yenyewe na kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje kivulini, moja moja, hadi yawe magumu, au yazamishe kwenye ndoo ya maji. Hii ni hatari ya kweli, na nyumba nyingi za kupanga zina mlango mmoja tu wa kutokea.

Unga wa mbao safi unaweza kuwatandikia kuku. Uliochanganyika na rangi au dawa, usiwatandikie.

Nina kiti cha mzee cha miguu minne, kilichochongwa kutoka gogo moja. Nikipake vanishi?

Usikipake. Weusi na mng'ao ulio juu yake umetokana na mikono na nguo za watu waliokikalia, na hauna mbadala dukani. Kipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kikauke kivulini, pitisha nta ya nyuki nyembamba mara moja kwa mwaka. Andika jina la aliyekimiliki na ukoo wake kwenye karatasi, uibandike chini.

Fundi wangu anasema ni nafuu kununua mpya. Ni kweli?

Wakati mwingine ni kweli. Kabati la chipbodi lililovimba kwa maji halina tiba, na usilipie mtu akudanganye. Lakini kwa mbao ngumu yenye viungo vizima, gundi, msasa na vanishi hugharimu sehemu ndogo ya bei ya meza mpya ya mbao halisi, na mbao utakayobaki nayo ni bora. Ukimpa fundi kazi, mwambie mapema kwamba hutaki msumari upigwe mahali ambapo gundi inatosha, kwamba akuonyeshe rangi ya vanishi kwenye sehemu ya chini kabla hajapaka juu, na kwamba ubao wowote atakaoutoa akurudishie. Fundi mwema hatakasirika kwa masharti hayo. Na kabla mtu hajaja na mkokoteni kununua "vitu vya zamani" kwa bei ya kuni, pindua kila kimoja uone kimetengenezwa kwa mbao gani.