Bahari Ikibadilika Rangi: Namna ya Kujua Kilichozidi na Kilichopungua

Maji ya pwani yakigeuka rangi, watu husema bahari imechafuka. Huenda ni kweli, lakini kauli hiyo haimsaidii mkulima wa mwani wala mvuvi kuamua afanye nini. Wingi wa virutubisho peke yake hauamui ni vijiumbe gani vitastawi. Muhimu ni kujua kirutubisho kipi kimezidi na kipi kimepungua, maana hapo ndipo utajua pa kuanzia kazi huku nchi kavu.

1. Elewa uwiano

Katika miaka ya 1930, mwanasayansi wa Marekani Alfred Redfield aliona kuwa planktoni (vijiumbe vinavyoelea) za bahari kuu hubeba virutubisho kwa uwiano unaokaribiana popote zilipo. Kipimo kinachotumika leo ni atomu 16 za naitrojeni kwa 1 ya fosforasi. Daiatomu, ambazo hujijengea maganda ya silika, huhitaji pia silika karibu sawa na naitrojeni.

Naitrojeni ikiisha na fosforasi ikabaki, hunufaika sianobakteria wenye uwezo wa kutumia naitrojeni ya hewani. Naitrojeni ikijaa huku silika ikiwa haba, daiatomu hukwama na dainoflajeleti, kundi jingine la planktoni, huchukua nafasi yao, na baadhi yao hutoa sumu. Uozo ukizidi, bakteria humaliza oksijeni ya maji ya chini. Baada ya hapo huja bakteria wanaotumia salfeti, na matope huwa meusi yenye harufu ya mayai viza.

2. Tazama msimu kabla ya kumlaumu jirani

Andika ni kaskazi au kusi, mvua ilinyesha lini, na kama ni bamvua au maji mafu. Wakati wa kaskazi bahari ya Afrika Mashariki huwa na joto na utulivu, na juu yake naitreti, aina mojawapo ya naitrojeni, ni haba. Hapo sianobakteria aina ya Trichodesmium huweza kuelea kwa mikanda ya kahawia, mfano wa vumbi la mbao. Ukiiona mbali na makazi, usikimbilie kusema ni maji taka. Rangi ikitokea siku chache baada ya mvua kubwa, karibu na mlango wa mto au mtaro, fuata maji hayo yanakotoka. Siku za maji mafu chunguza zaidi, kwa kuwa maji ya ndani ya miamba hubadilishwa kidogo na virutubisho hukawia humo.

3. Kagua kwa macho na pua, si kwa mikono mitupu

Nyuzi nyembamba nyeusi au kahawia zilizojisokota kwenye kamba za shamba la mwani na mwani wenyewe huenda ni sianobakteria wa kundi la Lyngbya, ambao huwasha ngozi na macho. Katika ghuba ya Moreton, Australia, watafiti walionyesha kuwa chuma, fosforasi na mabaki ya mimea yaliyosombwa kutoka nchi kavu huchochea Lyngbya. Vaa glavu, mikono mirefu na miwani ya maji, kisha jisuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Pita pia alfajiri. Usiku hakuna usanisinuru, lakini viumbe vyote huendelea kupumua, kwa hiyo oksijeni hufikia kiwango cha chini kabisa kabla ya jua kuchomoza. Samaki wakihema juu ya maji saa hiyo, tatizo limeshakuwa kubwa.

4. Chota sampuli vizuri

Usioshe chupa kwa sabuni, kwani baadhi ya sabuni zina fosfeti. Isuuze mara tatu kwa maji ya bahari ya pale pale, izamishe kama sentimita 30 mdomo ukielekea mkondo, ijaze, kisha iweke kwenye barafu gizani. Ndani ya chupa vijiumbe huendelea kula, na ukichelewa maabara itapima mabaki. Chota chupa ya pili kwa ajili ya darubini, uitie matone ya ayodini ya Lugol hadi maji yawe na rangi ya chai hafifu.

Chota pia kwenye mtaro, kisima au chemchemi inayotoka ufukweni maji yakipwa. Rangi ikishatanda, virutubisho vingi huwa tayari vimo miilini mwa vijiumbe. Kipimo kidogo ndani ya maji ya kijani hakithibitishi kuwa virutubisho havikuingia.

5. Piga hesabu

Omba naitreti, amonia, fosfeti na silika vipimwe kutoka sampuli moja. Ukipewa miligramu kwa lita, gawanya naitrojeni kwa 14 na fosforasi kwa 31, kwa sababu uwiano huhesabu atomu, si uzito. Mfano: naitrojeni 0.28 na fosforasi 0.031 ni 9 kwa 1 kwa uzito, lakini kwa atomu ni 20 kwa 1. Maabara ikikupa uzito wa naitreti nzima, gawanya kwa 62; ikiwa ni fosfeti nzima, kwa 95.

Uwiano ukiwa chini sana ya 16, shuku maji ya sabuni na maji taka. Ukiwa juu sana, shuku mbolea ya yurea au vyoo vya shimo. Kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, kama mashariki mwa Unguja, naitreti hupenya hadi baharini kirahisi, ilhali fosfeti hunaswa na mawe. Hata hivyo, usihukumu kwa sampuli moja.

6. Rekebisha chanzo, pande zote mbili

Usimwage dawa ya kuua mwani. Vijiumbe vikipasuka hurudisha virutubisho na sumu majini, kisha uozo hula oksijeni. Badala yake, ziba karo zinazovuja, gawa yurea kwa awamu na usiiweke mvua kubwa ikikaribia. Linda mikoko pia, maana bakteria wa matope yake hugeuza naitreti kuwa gesi. Nyuzi unazobandua kwenye kamba zipeleke nchi kavu. Ukizitupa majini zitaoza na kulisha kizazi kijacho.

Usipunguze kirutubisho kimoja ukasahau kingine. Mwaka 1988 jimbo la North Carolina, Marekani, lilipiga marufuku sabuni za fosfeti. Mto Neuse ulipata nafuu sehemu ya juu, lakini naitrojeni iliyokuwa ikiliwa huko ikateremka hadi mlangoni mwa bahari na kulisha mwani wa huko.

Wakati huo wote, msile chaza wala kombe wa eneo lililobadilika rangi mpaka wataalamu wapime. Nyingi ya sumu za vijiumbe hivi haziharibiki kwa kuchemshwa. Tarehe, upepo, mvua, rangi na vipimo viwekwe kwenye daftari moja la kamati ya wavuvi au kikundi cha wakulima wa mwani, wakati wa maji mabaya na wakati wa maji mazuri. Bila kumbukumbu za siku njema, hakuna atakayejua kilichobadilika.