Gemu Inapokwama kwenye Kompyuta ya Kadi Mbili: Maswali na Majibu kwa Watumiaji wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Kushuka kwa fremu ni nini?

Gemu ni mfululizo wa picha zinazochorwa moja baada ya nyingine. Ikienda kwa fremu 60 kwa sekunde, kila picha ina milisekunde 16.7 tu za kuchorwa. Kwa fremu 30, ina milisekunde 33.3. Picha chache zikichelewa, mchezaji wa mpira huonekana kuruka hatua hata kama namba iliyo kwenye kona ya skrini bado inasoma 60. La kutazama kwanza ni namna kasi inavyoshuka: iko chini tangu mwanzo, inashuka baada ya muda, au inakatika ghafla na kurudi. Kila namna ina chanzo chake.

Kompyuta ya kadi mbili ni ipi?

Zipo aina mbili. Iliyozoeleka zaidi ni laptopu yenye grafiki ndogo ndani ya prosesa, pamoja na kadi kubwa ya NVIDIA au AMD. NVIDIA iliutambulisha mfumo wake wa kupokezana kazi, Optimus, mwaka 2010: kadi ndogo hushughulika na kuandika na kutazama filamu ili betri idumu, na kubwa huamshwa gemu ikifunguliwa. Aina ya pili ni kompyuta ya mezani yenye kadi kubwa mbili zinazochora kwa zamu. Tiba za aina hizi hazifanani.

Kasi ikiwa chini tangu mwanzo, tatizo liko wapi?

Mara nyingi gemu imeangukia kadi ndogo. Vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja, Windows hufungua dirisha linaloonyesha kadi kama GPU 0 na GPU 1. Gemu ikiwa inaendelea, ndogo ikasoma asilimia 98 na kubwa asilimia 2, chanzo kimepatikana. Katika Windows 10 na 11, mipangilio ya skrini ina ukurasa wa grafiki. Gemu huongezwa kwenye orodha yake na kupewa chaguo la utendaji wa juu. Kadi kubwa isipoonekana kabisa, huenda draiva yake haipo au imeharibika, hivyo hufutwa na kuwekwa upya kutoka kwa mtengenezaji.

Kwenye kompyuta ya mezani kosa la kawaida ni waya: HDMI ya skrini imechomekwa kwenye ubao mkuu badala ya kadi.

Kwa nini gemu huanza vizuri, kisha hulegea?

Hapo wa kushukiwa kwanza ni joto. Prosesa nyingi za laptopu hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 100, na kadi nyingi hufanya hivyo zikipita nyuzi 80. Kwa kuwa prosesa na kadi mara nyingi hupoozwa na mabomba yaleyale ya shaba, moja ikichemka huipasha nyingine.

Mazingira ya delta huongeza mzigo. Chumba kikiwa na nyuzi 32, feni inavuta hewa ambayo tayari ni ya moto. Karibu na bahari, kama Nyamisati, unyevu na chumvi hushika vumbi likagandamana mbele ya mapezi ya kupoozea kama kipande cha blanketi. Fundi hulitoa kwa brashi laini, huku feni ikishikiliwa isizunguke, kisha hubadilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa na kadi. Laptopu isiwekwe juu ya godoro, kwa sababu matundu ya chini huzibwa. Kuwekea gemu kikomo cha fremu 45 au 60 pia hupunguza joto.

Umeme unachangia vipi?

Mto Rufiji una Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, lakini umeme unaofika nyumbani hutegemea pia hali ya nyaya na transfoma za mtaani. Chaja nyingi za laptopu hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo volti kushuka kidogo hakupunguzi fremu. Kinachozipunguza ni umeme kukatika: laptopu ikihamia kwenye betri, kadi kubwa hunyimwa nguvu na gemu hushuka hapohapo. Chaja mbadala ya wati 65 kwenye mashine inayohitaji 150 huleta dalili hiyohiyo. Katika vijiji vya visiwani vinavyotumia sola, inveta nayo iwe na wati zinazozidi mahitaji ya chaja. Kompyuta ya mezani inayojizima ghafla katikati ya gemu ichunguzwe pawasaplai na joto.

Na kadi kubwa mbili zinazochora kwa zamu?

NVIDIA ilileta SLI mwaka 2004, na kampuni ya ATI, ambayo baadaye iliingia AMD, ikafuata na CrossFire mwaka 2005. Kadi moja huchora picha ya kwanza, nyingine ya pili. Zamu zisipolingana, gemu hugugumia hata kama wastani ni mzuri. Kadi mbili za GB 8 hazifanyi GB 16, maana kila moja hubeba nakala ya data ileile. Tangu Januari 2021 NVIDIA haitengenezi tena wasifu mpya wa SLI (mipangilio ya draiva kwa kila gemu), na gemu nyingi mpya hutumia kadi moja tu. Jaribio la haraka ni kuzima SLI au CrossFire. Gemu ikitulia, kadi ya pili huondolewa, na joto na matumizi ya umeme hupungua pia.

Ukaguzi ufuate mpangilio gani?

Huanza na yasiyo na gharama: chaja na waya wa skrini, kadi inayotumika, draiva, kisha kikomo cha fremu. Hufuata usafi na pesti. RAM huangaliwa baadaye: grafiki ndogo huazima kumbukumbu humo, na vipande viwili vinavyolingana huipa njia pana kuliko kimoja. Safari ya Kariakoo kutafuta kadi mpya huja mwisho, kasi ikiwa bado chini ilhali kadi kubwa inafanya kazi kwa asilimia karibu 100, imepoa na ina umeme wa kutosha.