GARI LILILOSHUKA USIKU

Magari mengi huku Ufipa huchukuliwa na springi za chuma, na mtu aliyeteremka njia ya mawe toka Ntendo hadi Muze hawezi kuzidharau. Lakini mabasi mengi ya safari ndefu, na baadhi ya Toyota Land Cruiser Prado za miaka ya 2000, hulalia nyuma juu ya mifuko ya mpira iliyojaa upepo. Kompresa husukuma upepo huo kwa vibomba vyembamba mpaka mifukoni.

Mwenye gari la namna hii huweza kuamka akalikuta limeshuka, akatoa fedha za karo ya watoto kununua mfuko mpya, kumbe mwezi ni Julai na aliyelishusha ni baridi. Wasomaji wa Fizikia wakumbuke kanuni ya Charles. Tuseme jioni kuna nyuzi 25 za sentigredi na alfajiri nyuzi 10, yaani 298 na 283 kwa kipimo cha Kelvin. Uzito wa gari haukubadilika, basi upepo husinyaa kwa sehemu 1 hivi katika 20. Mfuko wenye kimo cha sentimita 20 utashuka kama sentimita 1.

Kwa hiyo chukua futikamba. Jioni, gari likiwa mahali tambarare, pima toka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Alfajiri pima tena kabla ya kufungua mlango, maana magari mengine hujirekebisha mlango ukifunguliwa. Pande zote zikishuka sawa, tena kidogo, mwache fundi alale. Upande mmoja ukishuka shubiri, upepo unavuja.

Mahali panapovuja hutafutwa kwa maji ya sabuni. Washa injini, funga breki ya mkono, weka mawe magurudumuni, kisha upake povu kwa brashi ya mpini mrefu ukiwa ubavuni mwa gari. Mapovu yatachemka penye tundu, na mara nyingi huwa ni kwenye kiungo cha kibomba wala si mfukoni. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikwa na upepo au jeki peke yake! Upepo ukitoka ghafula, bodi hushuka kabla hajajivuta. Liwekwe kwanza juu ya stendi za chuma.

Kompresa isipolia kabisa, tazama fyuzi na rilei yake. Ikilia bila kupumzika, usingoje mwisho wa mwezi, kwani tundu dogo litaiunguza. Tena Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na kompresa hukawia kujaza kuliko Dar es Salaam.

Mfuko uliopasuka mikunjoni haubandikwi kiraka kama tyubu ya baiskeli, maana mikunjo hiyo hujikunja na kujikunjua kila gurudumu lipitapo shimo.