Kiingereza Kina Kwao: Jifunze Neno Pamoja na Nchi Yake

Leo katika ukurasa wetu wa lugha hatutagusa sarufi. Hiyo tumeisugua tangu sekondari. Leo tuongelee jambo ambalo vitabu vyetu vya shule havikulisema: neno la Kiingereza lina kwao. Ukilitoa Uingereza ukalipeleka Marekani linaweza kugeuka kabisa, na anayeumia ni mgeni.

Tumefika huku kwa njia tofauti. Mtanzania aliyepita shule ya serikali amesoma msingi kwa Kiswahili, halafu akatumbukizwa kwenye Kiingereza kidato cha kwanza. Mkenya na Mganda wamekianza mapema zaidi. Mkongo na Mrundi wamepitia Kifaransa, kwa hiyo akisikia "library" anakumbuka "librairie", kumbe hiyo ya kwao ni duka la vitabu. Lakini ugonjwa wetu ni mmoja: tumejifunza maneno kwenye karatasi bila kujua nchi yanakoishi. Dawa si kumeza kamusi. Dawa ni kuisoma nchi yenyewe: ramani yake, shule zake na desturi zake. Tuyapitie matatu hayo kwa zamu.

SOMO LA KWANZA: RAMANI

Anza na majina ya miji, maana yale ni masomo ya bure. Oxford ni mahali ambapo maksai walivuka mto kwa miguu. Cambridge ina daraja. Sisi nasi tuna Kivukoni Dar es Salaam na Darajani Unguja, kwa hiyo mantiki ni ile ile, watu wanaita mahali kwa kazi yake. Portsmouth na Plymouth zina "mouth", yaani mdomo wa maji yanapoingia baharini, ila kwenye jina la mji hatamki mtu "mauth", wanasema "math". Leicester, Gloucester na Worcester zinabeba neno la Kilatini la kambi ya jeshi, kumbukumbu ya Warumi. Hizo zinatamkwa Lesta, Glosta na Wusta. Ukimwambia dereva wa basi "Lei-ses-ta" atakuelewa, lakini utajulikana umeshuka jana.

Halafu angalia jua. Kwetu karibu na ikweta jua linachomoza na kuzama karibu wakati ule ule mwaka mzima, ndiyo maana saa ya Kiswahili inafanya kazi vizuri: saa moja ni saa ya kwanza baada ya kucha. Jaribu kuitumia London! Mwishoni mwa Desemba jua linachomoza kama saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Mwishoni mwa Juni halizami mpaka saa tatu usiku imepita. Sasa utaelewa kwa nini Mwingereza kila mkikutana anaongelea hali ya hewa, na kwa nini lugha yake ina maneno mengi ya mvua na mwanga hafifu.

Majira nayo yanaingia mpaka kwenye barua za chuo. Mmarekani anasema "fall semester" kwa sababu majani yanaanguka. Mwingereza majira hayo anayaita "autumn". Australia iko kusini ya ikweta, kwa hiyo mwaka wa masomo unaanza Februari au Machi, na "summer" yao ni Desemba hadi Februari. Ndugu yako wa Melbourne akikuambia anatafuta kazi ya "summer", usimsubirie Julai.

SOMO LA PILI: SHULE

Hapa ndipo penye fedha na alama, kwa hiyo tusome taratibu.

Neno "tuition" wengi tulilijua kama tuisheni, yale masomo ya ziada ya jioni. Marekani "tuition" ni ada yenyewe ya chuo. Ukiandikiwa "tuition is not covered" usidhani wanaongelea masomo ya jioni. Wanasema ada utalipa mwenyewe. Na kwa kuwa Marekani ni nchi ya majimbo, vyuo vya umma vina bei mbili: "in-state" kwa mkazi wa jimbo, na "out-of-state" kwa anayetoka nje, ambayo ni kubwa zaidi. Mwanafunzi wa kigeni kwa kawaida huhesabiwa kwenye ile ya pili. England nao wana "home" na "overseas" au "international". Hiyo "home" haihusiani na kulala nyumbani kwa shangazi. Inahusu uraia, ukazi wako na aina ya ruhusa uliyonayo ya kukaa nchini. Ukijaza vibaya, hesabu ya ada inavurugika.

"Public school" Marekani ni shule ya serikali, bure. England jina hilo ni la shule za kulipia tena ghali, kama Eton iliyoanzishwa 1440. Zilianza kuitwa hivyo kwa sababu zilipokea mtoto wa popote ambaye wazazi wake wangeweza kulipa. Kwa hiyo mtu akikuambia amesoma "public school", kwanza muulize nchi gani.

"College" Marekani ni chuo cha digrii. England mara nyingi ni mahali wanaposoma vijana wa miaka 16 hadi 18 kabla ya chuo kikuu, ingawa Oxford na Cambridge zimegawanyika katika "college" nyingi ndani yake. "Course" England inaweza kuwa digrii nzima. Marekani ni somo moja la muhula. "Faculty" Marekani ni walimu. England ni kitivo. "Professor" Marekani unaweza kumwita karibu mwalimu yeyote wa chuo, England ni cheo cha juu kabisa. "Revise" England ni kujisomea kabla ya mtihani. Marekani ukiambiwa "revise your paper", wanataka uirekebishe uirudishe.

Sasa alama. Vyuo vingi vya England vinatoa daraja la kwanza kuanzia 70. Kati ya 60 na 69 ni "two-one", ambayo waajiri wengi na digrii ya pili nyingi huitaka. Mzazi aliyeuza shamba akisikia mwanawe amepata 68 anaweza kudhani mtoto anacheza, kumbe amefanya vizuri. Kwenye vyuo vingi vya Marekani 68 ni D. Kwa hiyo ukiomba nafasi ng'ambo ya Atlantiki, usitume namba tupu. Omba chuo chako kikupe maelezo ya mfumo wake wa alama uyaambatanishe.

Na tarehe, jamani. "03/04" Uingereza ni tarehe 3 Aprili. Marekani ni Machi 4. Mwezi mzima umepotea, na nafasi yako nayo. Andika jina la mwezi kwa herufi, na ukipokea tarehe ya namba tupu, uliza.

SOMO LA TATU: DESTURI

Shule nyingi za kwetu zimetufundisha kumrudishia mwalimu maneno yake kama alivyoyasema. Aliyekariri vizuri alisifiwa. Huku ukinakili sentensi za mtu bila kumtaja unahesabiwa umeiba, na adhabu inaweza kufika hadi kufukuzwa chuo. "In your own words" siyo pambo la swali, ni sharti. Vivyo hivyo "critical" haina maana ya kulaumu. Ukiambiwa "critically discuss", unatakiwa kupima: hoja hii ina nguvu wapi, ina udhaifu wapi, nani anapinga na kwa nini. Na "argue" kwenye insha si kugombana, ni kujenga hoja.

Adabu nayo ina lugha yake. Kwetu mkubwa anakuambia "rekebisha hapa" na mambo yamekwisha. Mwingereza anaandika pembeni "you may wish to consider". Mgeni anasoma hilo kama hiari, anapita. Kumbe ameagizwa! Neno "quite" nalo ni mtego: Mmarekani akisema "quite good" anasifu kweli, lakini Mwingereza mara nyingi anamaanisha nzuri kiasi, si sana.

Salamu je? Sisi tunaulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na majibu yanasubiriwa. "You all right?" ya Uingereza ni hodi tu. Jibu "all right, thanks" uendelee na safari yako. Usianze kueleza mgongo.

Kwa wale walio kwenye vyama vya wanafunzi: kwenye mkutano wa Uingereza "to table" jambo ni kulileta lijadiliwe sasa. Marekani ni kuliweka kando. Mnaweza kupiga kura moja mkatoka na maana mbili.

La mwisho ni "office hours", hasa Marekani. Ni saa ambazo mwalimu amekaa ofisini akisubiri wanafunzi. Wengi wetu tunaona ni kumsumbua mkubwa, tunakaa na tatizo mpaka mtihani. Nenda, bwana. Huku kutokwenda ndiko kunakofanya mtu aonekane hajali.

MAZOEZI

Funika majibu kwanza.

1. Rafiki wa Boston anasema mkutane "first floor" ya maktaba. Utapanda ngazi?
2. Barua ya chuo cha Texas inasema "deadline 10/12". Ni lini?
3. Mwalimu wa Leeds ameandika: "Interesting. You may wish to consider more recent sources." Ufanye nini?
4. Jirani wa Sheffield anasema: "Come round for your tea at half five." Ule kwanza au usile? Uende saa ngapi?

Majibu: (1) Hapana. Marekani "first floor" ni ile ya chini. Uingereza ndiyo ungepanda. (2) Oktoba 12. (3) Tafuta vitabu na makala mapya zaidi, ni agizo hilo. (4) Usile. Kaskazini ya England "tea" mara nyingi ni chakula cha jioni, na "half five" ni saa kumi na moja na nusu.

Kazi ya nyumbani: chukua daftari, piga mistari upate safu tatu: neno, nchi, maana yake pale. Kila wiki ingiza maneno matano uliyoyasikia kwa masikio yako, si ya kwenye kamusi. Ukihamia nchi nyingine, fungua safu ya nne. Tukutane toleo lijalo, na kila la heri kwenye mitihani.